Maji Katika Maziwa

Saa kumi na moja alfajiri, kituo cha maziwa Kiwira,
mvua haijaamua kama inakatika au ndiyo inaanza.
Mama ni wa nne kwenye foleni, ndoo kichwani,
na mimi mwanawe ndiye mpimaji.
Nachovya kifaa. Taa ya kijani.
Ingewaka nyekundu ningemwambia mbele za watu:
Mama, humu mna maji.

Ndicho tulichobuni, watu watatu,
chumba cha nyuma ya duka la misumari, Tukuyu:
Gwamaka akilehemu nyaya kwa macho mekundu,
Tusekile akizunguka vituo kwa pikipiki ya kaka yake,
mimi na daftari.

Ukurasa wa kwanza wa daftari umeandikwa: Sekela.
Sekela alikuwa mtamba. Mama alimuuza mwezi wa tatu,
siku tulipokosa hata hela ya betri,
akanipa noti ndani ya kipande cha kitenge,
zikinuka zizi bado.
Hakuuliza zitarudi lini.

Kisha akaja mwenye mtaji.
Hakuja; alitokea kwenye simu, bwana Theuri,
nyuma yake ukuta mweupe usio na hata msumari.
Nimependa, akasema, ila siwezi kuweka fedha
ndani ya watu watatu na daftari.
Leteni kampuni.

Tukaizaa usiku, mtandao ulipokuwa mwepesi.
Jina la kwanza lina mwenyewe.
La pili linafanana na la mwenyewe.
La tatu likapita saa nane: Lukama,
maziwa, kwa lugha ya nyumbani.
Namba za vitambulisho, namba za mlipakodi,
sanduku la posta ambalo ufunguo wake
baba alizikwa nao mfukoni.

Mama alikishika cheti pembeni, kama picha mbichi.
"Kwa hiyo huyu ni mtu?"
Kisheria, ndiyo. Anamiliki, anakopa, anashtakiwa.
"Nanyi mkifa?"
Yeye hafi.
"Anakula nini?"
Nikacheka. Jibu sikuwa nalo.

Hisa elfu kumi.
Wakili Mwakatundu, ghorofani Mwanjelwa,
alitaka kujua mtamba ana thamani gani kwa shilingi.
Mama akapata elfu moja.
Gwamaka, kazi imemwita Dodoma, alitaka zake zote siku hiyo hiyo;
wakili akasema hisa huiva, miaka minne, chane kwa chane.
Gwamaka akanitazama
kama niliyemfungia ndizi mbichi za safari.
Hatujapigiana simu tangu hapo.

Usiku nikamweleza mama jikoni.
Bwana Theuri hanunui zetu, zinatengenezwa mpya,
elfu mbili na mia tano.
"Zangu?"
Ziko pale pale, elfu moja.
"Basi hakuna kilichobadilika."
Nikanyamaza. Moshi ukanisaidia kunyamaza.
Mama, ulikuwa na kumi katika kila mia.
Sasa ni nane.
Akageuza kuni.
"Ndoo ile ile, maziwa yale yale,
kisha mtu akaongeza."
Ameongeza fedha, mama, siyo maji. Kitu chote kinakua.
Nane ya ng'ombe ni kubwa kuliko kumi ya ndama.
"Nimeelewa hesabu," akasema.
"Nauliza kama mlinizimua mkiniambia, au mkishamaliza."

Sahihi yangu ilikuwa imekauka tangu Jumatano.

Akasaini yake Ijumaa, herufi kubwa, moja moja,
ATUPELE, akapiga mstari chini kama mwalimu.
Fedha ziliingia. Tumeagiza vifaa mia mbili.
Tusekile ana pikipiki yake.

Leo tena saa kumi na moja.
Mama ametua ndoo. Nainua kifaa.
"Kipime kwanza kwenye maji matupu," ananiambia,
"nione kama bado kinayajua."
Nyuma yake watu wanaguna, maziwa yanapoa.
Naenda bombani na kikombe.